Askofu Atoke Nje Kwanza

Jumanne, 7 Oktoba

Nimepewa meza ya tano! Naandika hata koti sijavua.

Noel, aliyekuwa akikaa meza hiyo, amehamia Wales kwa binti yake. Basi leo ukumbini Mzee Balbir, kepteni wetu, amesimama mbele ya birika la chai akasema, "Meza ya tano ni ya Mama Linus."

Nikamwambia, "Mzee, mimi?"

"Kwani kuna Mama Linus mwingine humu ndani?"

Mzee Balbir ni Kalasinga wa Nakuru. Aliuza vitambaa Southall, hapa London, mpaka akastaafu, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu mimi Mkamba. Hacheki ovyo. Mwaka wote uliopita nilidhani hanipendi.

Sasa mambo yako hivi. Klabu yetu ya chesi iko daraja la chini kabisa la ligi, chini yetu hakuna kitu. Mwaka huu timu itakayoshika mkia inatolewa kwenye ligi moja kwa moja. Na kamati ya ukumbi wa kanisa imeshatuambia: kama hakuna timu, Jumanne wanapewa watu wa mazoezi ya zumba, maana wale wanajaza ukumbi na sisi tunajaza kona. Tukishika mkia tumekwisha. Ee Mungu, na mimi ndiye wamenipa meza!

Jumatano, 8 Oktoba

Nimemweleza Minal tukiosha masufuria kule jikoni shuleni tunakopika. Minal ni mtu wa Kisumu, chesi haijui hata kidogo. Ameuliza, "Hiyo meza ya tano ni nzuri kuliko ya kwanza?" Nikasema ndiyo ya mwisho. Akasema, "Lakini una meza." Nimempenda.

Jumanne, 14 Oktoba

Ligi yetu ina desturi yake: mgeni anapewa kete nyeupe, zile zinazoanza, kwenye meza ya kwanza, ya tatu na ya tano. Kwa hiyo kila tukienda ugenini nitaanza mimi. Mzee Balbir ameniambia, "Ukiwa na nyeusi, jilinde tu. Ukiwa na nyeupe nataka uwe na nyumba yako mwenyewe. Chagua namna moja ya kufungua mchezo, uingie uishi humo."

Kamande akarukia palepale. Kamande ni dereva wa basi, mtu wa Nyeri, meza ya tatu, na mdomo wake hauna breki. Yeye anafungua mchezo kwa kugawa askari, zile kete ndogo za mbele, bure kama anayegawa peremende, ili njia zifunguke ashambulie. "Mama Linus, njoo kwangu nikufundishe vita. Toa askari mmoja, toa wa pili, halafu piga!"

Nimetoa wa kwanza, nimetoa wa pili. Sikupiga. Nimepigwa mimi, na mfalme wangu amefungwa katikati ya ubao kama mbuzi sokoni.

"Ulisahau hatua ya saba," Kamande akasema.

Hatua ya saba! Mimi hata nambari ya simu yangu naisoma kwenye karatasi.

Jumapili, 19 Oktoba

Mvua. Misa. Nimepika githeri ya wiki nzima.

Jumanne, 21 Oktoba

Leo nimefurahi mpaka nikapita kituo changu cha basi.

Mzee Balbir amenionyesha kwamba kuna watu wanaofungua mchezo kwa utulivu. Wanaita mfumo. Huhitaji kukariri kila jibu la mwenzako; unapanga kete zako mahali palepale pake, yeye afanye atakalo, halafu vita vinaanza ukiwa umeshajipanga. Nikasema, Mzee, huko ni jikoni kabisa! Sisi kabla watoto hawajaja kula kila kitu kina mahali pake, hata wakija wanapiga kelele, mwiko naupata bila kuutafuta.

Amenionyesha mifumo mitatu. Wa kwanza askofu anakaa pembeni kama mtu wa dirishani, na katikati ya ubao unamwachia mwenzako ajenge, uje umbomolee baadaye. Huo nimejaribu na roho imenidunda. Kumwachia mtu ajenge halafu ubomoe? Sina moyo huo. Wa pili askari wanafunga mlango mapema, askofu wa upande wa malkia anabaki ndani, unangoja siku ya kusukuma katikati. Huo nimeupenda kiasi, ila yule askofu amenihuzunisha, amekaa nyuma ya watu kama mgonjwa.

Wa tatu! Askari wa malkia anatoka hatua mbili, halafu kabla hujafunga mlango, askofu anatoka nje kwanza, anasimama mbele ya wenzake, anaona ubao wote mpaka ng'ambo. Ndipo unafunga mlango nyuma yake kwa askari wengine. Wanapanda kama ngazi, imara, mtu hawavunji. Farasi anakuja, askofu wa pili anakuja, mfalme unamficha pembeni. Hata mimi naukumbuka wote!

"Huu," nikasema. "Huu ndio wangu."

Kamande akainamisha kichwa. "Mama, hiyo ni chesi au ibada ya mazishi?"

"Ni mazishi yako," nikamjibu. Hata Mzee Balbir amecheka. Amecheka, kwa macho yangu nimeona!

Jumanne, 28 Oktoba

Nyumbani, nyeusi. Nimepoteza. Timu pia. Lakini nilijilinda muda mrefu.

Jumanne, 4 Novemba

NIMESHINDA!

Tulikuwa ugenini Southall. Giza siku hizi linaingia saa kumi na nusu jioni, tukatoka kwenye treni kama tunaingia usiku, lakini ile barabara inang'aa taa na inanukia bhajia mpaka unasahau baridi. Mzee Balbir kila hatua anasalimiwa. Ametununulia mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, akasema, "Kuleni, lakini mfute mikono. Sitaki kete za watu zinukie."

Mpinzani wangu kijana wa chuo mwenye miwani. Akasogeza hiki, akasogeza kile, haraka haraka, anatafuta pa kuniingilia. Mimi naweka askofu mahali pake. Naweka askari mahali pake. Nikaona anaanza kukuna kichwa. Alikuja mbele mno na malkia wake, nikamfukuza, nikamfukuza tena, mwisho hakuwa na pa kwenda. Nikamla malkia!

Timu imeshinda tatu kwa mbili. Kamande alishinda pia, hatua ishirini tu, akaondoka hata hajatungoja kuondoka pamoja. Nikasema moyoni, huyu anajipenda mwenyewe tu.

Jumatano, 5 Novemba

Minal amenikumbatia na aproni yake ikiwa na mchuzi. Jikoni wote wameambiwa. Hata mwalimu wa zamu.

Jumanne, 18 Novemba

Ugenini tena. Sare. Mfumo uleule. Nimeupanga kwa dakika chache tu, mwenzangu bado anafikiri hatua ya nne. Nilipata hata nafasi ya kusali Salamu Maria tatu huku naupanga.

Jumanne, 25 Novemba

Nyeusi. Nimepoteza. Baridi ukumbini, mashine ya joto imeharibika, tumecheza na glavu.

Jumanne, 9 Desemba

Sijui nianzie wapi. Nimelia kwenye treni na wala sioni haya kusema.

Ugenini, meza ya tano, nyeupe. Nyumba yangu. Nikakaa, nikaanza kuweka kete kama kawaida, mkono unajua wenyewe. Askari, askofu nje, askari, farasi, askofu wa pili mbele ya malkia, mfalme pembeni. Huku nasali, na huku nafikiria pia krismasi, Linus atakuja kutoka Leeds au hatakuja, na nyama ya mbuzi nitapata wapi. Mama wa upande wa pili alikuwa amejipanga tofauti na wale wengine, askari wake wamejificha hatua moja moja, askofu wake pembeni. Sikumtazama. Nitasemaje sasa, sikumtazama kabisa.

Akasukuma askari mmoja wa katikati, akamgusa askofu wangu wa nje. Nikamrudisha nyuma. Akasukuma askari yuleyule hatua moja tena. Na huyo askari mmoja, mdogo, akawa amesimama mbele ya askofu wangu wa pili na farasi wangu, wote wawili kwa pamoja. Mkono wa kushoto anamshika mmoja, mkono wa kulia anamshika mwingine. Nikimwokoa huyu, yule ameliwa.

Nimepoteza farasi, nikapoteza mchezo, na timu tumepoteza tatu kwa mbili. Ile ya kuzidi ilikuwa yangu. Sasa tuko mkiani.

Kamande akasema, "Ndiyo nilikuambia, Mama. Hiyo ibada yako, anayezikwa ni wewe." Watu wawili wakacheka. Mimi sikucheka. Mzee Balbir alivaa koti, akanifungulia mlango.

Jumapili, 14 Desemba

Padri amehubiri juu ya watu wanaosali kwa midomo, moyo uko sokoni. Nimeinamisha kichwa. Nikajua mimi nilifanya yote mawili vibaya siku ile: sala sikusali na chesi sikucheza.

Alhamisi, 25 Desemba

Linus amekuja! Mbuzi amepatikana. Tumekula, tumeimba, Mungu ni mwema. Chesi sijagusa.

Jumanne, 13 Januari

Nimeacha mfumo. Leo ugenini nimecheza vita vya Kamande, nimegawa askari. Theluji nyepesi nje, na ndani mimi nimeyeyuka kabla yake. Nimemaliza mapema kuliko siku zote, nimepoteza.

Nilikwenda kuosha vikombe jikoni kwao ili nisionekane uso. Nikamkuta Kamande, naye ameshamaliza, ameshinda, anakausha vikombe na koti ameshalivaa.

Nikamwambia kwa hasira, "Na wewe kila siku unakimbia wapi? Unatuacha tunateseka wenyewe."

Akaniangalia. "Mama Linus, mimi zamu yangu inaanza saa kumi alfajiri. Naamka saa tisa. Mchezo ukienda masaa matatu, kesho nitaendesha watu nikiwa nimelala. Kwa hiyo napiga vita, nife haraka au niue haraka."

"Kumbe ndiyo sababu?"

"Unafikiri sipendi utulivu? Ningekuwa na kazi ya jikoni mimi ningekaa na askofu wangu nje kama mfalme." Akafuta kikombe kingine, kisha akasema, "Ile ya mazishi nilisema vibaya. Siku ile hukushindwa na mfumo. Ulilala."

Nimekaa na neno hilo mpaka nimefika nyumbani. Miezi mitatu namwona mtu wa majivuno, kumbe ni mtu wa usingizi mchache.

Jumanne, 20 Januari

Nimemwambia Mzee Balbir narudi kwenye mfumo wangu. Akasema, "Ulikuwa umeenda wapi?" kana kwamba hajui.

Kisha akafanya jambo. Akaketi upande wa nyeusi, akaniambia nikalie mikono yangu. "Mzee?" "Ikalie. Yote miwili." Nikaikalia kama mtoto wa chekechea. Kila akisogeza kete yake anauliza, "Mimi nataka nini?" Nisipojibu hasogei, na mikono haitoki.

"Unataka kumgusa askofu wangu."

"Vizuri. Sasa ni nini?"

"Sijui, Mzee."

"Basi tutalala hapa."

Alijipanga kama yule mama wa Desemba, askari hatua moja moja, askofu pembeni. Nikafika pale pa askofu wa pili. Mkono ukawasha, unataka kutoka wenyewe. Akasema, "Mimi nataka nini?" Nikatazama. Nikatazama tena. Nikamwona yule askari, kabla hajaondoka kwake nikamwona anavyokuja, hatua mbili, halafu moja. Nikapiga kelele ukumbini, "Unataka kushika wawili!"

"Kwa hiyo askofu wako wa pili atakaa wapi?"

"Asiende mbele sana. Akae hatua moja tu, mbele ya mfalme. Na yule wa nje nimfungulie kadirisha nyuma, akiguswa apate pa kukimbilia."

Mzee Balbir akachukua biskuti. "Haya, toa mikono."

Jamani! Kumbe nyumba ni yako lakini samani unasogeza kutokana na mgeni aliyekuja. Nimeimba njia nzima.

Jumanne, 27 Januari

Nyeusi. SARE. Nilikalia mikono mchezo mzima, mpinzani akaniuliza kama nahisi baridi.

Jumanne, 10 Februari

Ugenini. Nimeshinda! Hatua arobaini na kitu, polepole kama ugali wa watu wengi. Timu imeshinda. Tumetoka mkiani kwa pumzi moja.

Jumatano, 18 Februari

Jumatano ya Majivu. Minal ameuliza Kwaresima nitaacha nini. Nimesema nitaacha kumsema Kamande. Amesema, "Hiyo ni ngumu kuliko sukari."

Jumanne, 3 Machi

Nyumbani tumepoteza. Imebaki mechi moja. Tumefungana pointi na timu nyingine pale chini, lakini wao wamemaliza mechi zao na sisi bado. Mzee Balbir ametueleza: tukipata japo sare ya timu, tunabaki. Tukipoteza, wao wametupita kwa idadi ya michezo waliyoshinda mezani, na sisi ndio mkia.

Mechi yenyewe ni ugenini, Kilburn. Meza ya tano, nyeupe.

Jumatatu, 23 Machi

Sijala vizuri. Maua ya njano yamejaa kwenye bustani ya kanisa na mimi naona maaskofu.

Jumanne, 24 Machi

Nimerudi sasa hivi. Nitaandika yote hata kama mkono unauma.

Chumba kile Kilburn kiko juu ya duka la rangi, ngazi nyembamba, meza zimebanana mpaka viwiko vinagusana. Mpinzani wangu mzee mmoja Muairishi mwenye sweta ya kijani, mpole. Nikaanza: askari, askofu nje. Yeye askari hatua moja. Farasi. Yeye askofu pembeni. Nikajua. Ni yaleyale ya Desemba.

Na sasa sikilizeni nilichofanya. Nilijua, nimejifunza, nimekalia mikono miezi miwili, lakini saa ilikuwa inalia tik tik, na Kamande mezani kwake akaguna kwa nguvu, nikashtuka, na mkono wangu wa kulia ukatoka wenyewe ukamshika askofu wa pili. Umemshika kichwani, vidole vinne. Sheria ya chesi ni kwamba ukigusa kete yako lazima uisogeze hiyohiyo. Mkono ulikuwa tayari angani kumpeleka pale pale pa Desemba.

Nikauzuia. Uko angani, askofu yuko angani, mzee wa sweta ananitazama. Nikajiuliza, yeye anataka nini? Nikamwona yule askari anakuja. Na ndipo nikakumbuka kwamba sheria inasema lazima nimsogeze, haisemi nimsogeze mpaka wapi! Nikamshusha polepole, hatua moja tu, mbele ya mfalme. Nikaachia. Nikakalia mikono yote miwili.

Basi tukacheza. Yule askari wake alikuja hatua mbili, akaja na ya tatu, akamkuta farasi wangu tu, hakuna wa pili wa kumshika. Farasi akaondoka zake. Wengine mezani wakaanza kumaliza. Kamande alipoteza mapema, askari wote ameshagawa. Mzee Balbir alishinda. Mwingine alishinda, mwingine alipoteza. Nikageuza macho nikaona wote wamesimama ukutani. Mbili kwa mbili. Nimebaki mimi.

Na Kamande yuko hapo. Hajaondoka! Amesimama na koti lake, zamu yake ya alfajiri inamngoja, anatafuna kofia.

Ubao ulikuwa umejaa, kila mtu amemfungia mwenzake njia. Nilikuwa naona kitu, au nilidhani naona, farasi akipita upande wa kushoto, labda askari mmoja wa kula. Nilitaka kushinda. Nilitaka kesho niseme mimi ndiye niliyeshinda.

Mzee wa sweta akasogeza kete, akanyoosha mkono juu ya ubao. "Sare?"

Kuna desturi hapa: mchezaji anaweza kumuuliza kepteni akubali sare au asikubali. Kepteni haruhusiwi kusema lolote juu ya mchezo wenyewe, hata kukunja uso. Anajibu neno moja, basi.

Nikasimama. "Mzee Balbir, ananipa sare. Nikubali?"

Hakuangalia ubao. Aliniangalia mimi. Niliona anaona kile ninachokitaka.

"Kubali," akasema.

Nikarudi kukaa. Nikamtazama yule farasi wangu kwa mara ya mwisho, aliyekuwa anataka kuondoka. Nikampa mzee mkono: nusu pointi kwake, nusu kwangu, na timu sare.

Ukuta ukalipuka! Kamande, mtu wa vita, mtu asiyejua sare inafananaje, alipiga yowe mpaka wa chini dukani wakagonga dari. Alinishika mabega ananitikisa, "Mama Linus! Nusu! Nusu!" Mzee Balbir alivua miwani akaifuta, akaifuta tena.

Tulipotulia, mzee wa sweta akapanga kete upya akanionyesha: kama farasi wangu angepita kushoto, malkia wake alikuwa anashuka moja kwa moja kwa mfalme wangu. Hatua tatu nimekwisha. Nikamuuliza kwa Kiingereza changu, sasa mbona ulinipa sare? Akasema alimwogopa askofu wangu wa mbele ya mfalme. Alidhani nimemweka pale kwa mpango fulani mrefu ambao yeye hauoni.

Nilicheka mpaka nikashika tumbo.

Jumatano, 25 Machi

Sikukuu ya Kupashwa Habari Bikira Maria. Nitakwenda misa ya jioni.

Jikoni asubuhi nilikuwa nacheka peke yangu mbele ya viazi. Minal akaweka kisu chini.

"Mmeshinda?"

"Hapana."

"Mmeshindwa?"

"Hapana."

"Sasa unacheka nini, wewe?"

"Tumebaki, Minal! Jumanne ijayo tunafungua ukumbi, tunaweka maji ya chai. Tumebaki!"

Alinitazama kidogo, halafu akaanza kucheka na yeye, bila kuelewa kitu. Nikamshukuru Mungu pale pale, mikono ndani ya maji ya viazi, kwa nusu pointi moja. Sijui kama kuna mtu mwingine London nzima aliyekuwa anashukuru kwa nusu. Mimi ilinijaa.